Mbuzi ya Saa Nane

Wananiuliza nimempata wapi
yule jini wa sura ya nne, mwenye kwato,
anayeshuka ngazi bila kuzikanyaga zote.
Nawajibu: nimebuni.
Wanacheka. Wanajua naficha.
Mmoja alinivuta kando akaninong'oneza,
"Sema kweli, nani kakutuma?"

Kwato ni za mbuzi. Hapo sikusema uongo wote.

Nilikuwa na miaka tisa. Wete, mtaa wa Utaani,
msimu wa karafuu, majamvi yametandwa mpaka barazani,
harufu imeingia kwenye mito, kwenye chai,
kwenye nywele za shangazi Mize
aliyekuwa na nyumba kubwa kuliko watu wake:
vyumba saba, wa kulala wawili.
Nikilala chali nilizihesabu boriti za dari.
Kumi na tisa. Kila usiku kumi na tisa,
isipokuwa usiku mmoja.

Saa nane, chini, jikoni:
kru.
Kru. Kru.
Nani anakuna nazi saa nane za usiku?
Nikavuta shuka. Shuka haizibi masikio.
Nikashuka na koroboi, mkono ukutani,
chokaa ikinibakia kiganjani kama unga.

Shangazi kaikalia mbuzi.
Si mbuzi wa kuchinjwa; mbuzi ya mti,
miguu minne, ulimi wa chuma.
Mkononi kashika kifuu
kilichokwisha kukunwa tangu adhuhuri,
kikavu, hakina hata utando wa tui,
naye anakikuna,
na sahanini panadondoka vumbi la kahawia.

"Weye hujalala?"
Hakunitazama.
"Kalale. Amiyo yuaja na njaa."

Ami Shaame alivuka na magunia kumi na mawili
kwenda kuuza Mombasa, usiku usio mwezi,
miaka ile ya magendo, mimi sijazaliwa.
Wengine walisema ana mke Majengo.
Wengine walisema askari.
Magunia mawili yalirudi, yamelowa,
yakakutwa asubuhi mlangoni.
Hilo hakuna aliyelieleza.

Sasa haya mtu huyaandikaje?

Mara ya kwanza nilimwandika shangazi kama alivyo,
kanga yake ya kushindia, goti lake la baridi yabisi,
namna alivyokung'uta sahani ile uani
kisha akaiosha, akaifunika kawa.
Mhariri akaandika pembeni kwa wino mwekundu:
Inasikitisha. Haitishi.
Nikamtoa shangazi.
Nikamtia jini, nikamwazima miguu ya kile alichokikalia,
nikaongeza mlango unaojifunga wenyewe,
paka, kisima, damu kidogo kwenye ndoo.
Kitabu kikauzika. Msichana mmoja wa Chake
kanipelekea salamu kuwa siku tatu kalala na taa.

Siku tatu!

Mimi niko Michenzani, ghorofa ya tano,
watoto wamelala, umeme umekatika, feni kimya,
naandika kwa mshumaa kitabu cha pili,
na kalamu yangu hii ya bei rahisi
inakwaruza karatasi. Kru.
Nainyanyua. Nasikiliza.
Naishusha tena. Kru.
Kurasa arubaini sasa, na nikizikung'uta
sijui kama litatoka tui la kumtosha mtu.
Na mtu mwenyewe nani? Nimemwekea nani?

Nyumba ya Utaani iliuzwa zamani.
Juzi nikampigia mwenyewe, bwana Nasibu, muuza mabati,
nikajifanya nataka kupangisha.
"Humo ndani usiku kuna lolote?"
Akacheka mpaka akakohoa.
"Nyumba safi hii, dada. Tumeisomea khitma,
tumetia madirisha ya alumini.
Ni panya tu, jikoni. Tumeweka sumu, hawafi.
Wanaanza saa nane."

Nikamshukuru.
Sikumuuliza kama ile mbuzi waliitupa.